Mteja wa Shangazi

4 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ya mwaka mpya ilifika imelowa upande mmoja, lakini niliisoma yote. Pole kwa magoti, na pole zaidi kwa masikio. Daktari akisema yamechoshwa na cherehani, mwamini. Miaka yote hiyo umeinamia mota, ulitegemea nini? Basi simu tuiache, tuendelee hivi hivi kwa kalamu. Kwenye simu huwa unapiga kelele mpaka wenzangu wanageuka.

Umeniuliza kazi yangu hasa ni nini, maana watu wanakuuliza na wewe unabaki kusema "anasoma". Sisomi tena, Shangazi, nilimaliza. Kazi yangu ni hii. Kuna mti ambao watu wamekuwa wakitumia mizizi yake kutibu majipu. Mimi nachukua gome la mzizi, nalikausha, nalisaga, nalilowesha kwenye spiriti, kisha natenganisha vilivyomo kimoja kimoja, kama wewe unavyofumua gauni la zamani uone lilikatwaje. Kila kimoja nakidondosha kwenye seli za saratani. Seli hizo tunazifuga kwenye chupa bapa, ndani ya kabati lenye joto kama la mwili wa mtu. Tunazilisha, tunazibadilishia maji, zikiota ukungu tunanuna siku nzima. Kisha tunazitilia sumu tuone zitakufaje.

Kiambato kimoja kimeziua vizuri sana. Profesa, mkuu wetu, alifurahi akamwita mwandishi wa gazeti. Nimepigwa picha nimeshika tawi la ule mti kama bibi harusi. Nakutumia kipande chake ucheke.

Maswali wako


19 Februari

Mwanangu Maswali,

Marahaba. Sikucheka. Kile kipande nilikilaza mezani nikakipiga pasi, nikakibandika ukutani juu ya cherehani, pale wateja wanapopimwa. Jirani yangu Fundi Viatu, tunayegawana baraza, amemsomea kila anayekuja kubadilishiwa soli. Anasoma kama mtangazaji wa mpira: "Mtafiti kijana agundua mti unaoua saratani!" Nikawaambia huyo mtafiti nimemlea mimi tangu kaka yangu alipofariki, na hilo jina la Maswali nilimpa mimi, maana alikuwa haniachi nishone bila kuniuliza kwa nini sindano ya mkono ina tundu juu na ya cherehani ina tundu chini.

Sasa nina shida ndogo, si yangu. Nina mteja wa siku nyingi, mama wa makamo. Ameota uvimbe kwenye titi la kushoto. Hospitali wamemchoma sindano wakatoa nyama kidogo, wakapima, wakamwambia ni saratani, akatwe upesi. Yeye kisu hataki. Dada yake aliingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake, anaongea, akatolewa amefunikwa. Tangu siku hiyo akiona shuka la kijani anatetemeka. Ameiona picha yako ukutani, anauliza mti huo unaitwaje, na je, mzizi unachemshwa au unatafunwa? Nijibu nimpelekee.

Hapa hatujambo. Shule zimefunguliwa, nashona sare mpaka naota kola.

Shangazi yako


2 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mwambie mteja wako akakatwe.

Nitaeleza, asije akadhani ninamnyima. Kilichokufa ni seli zilizo ndani ya chupa. Chupa haina ini, haina figo, haina damu inayozunguka. Ukizimwagia seli hizo siki zitakufa. Ukizimwagia sabuni yako ya kufulia zitakufa, na hakuna anayemnywesha mgonjwa sabuni. Kutoka kwenye chupa mpaka kwenye kidonge ni safari ya miaka, na viambato vingi sana huishia njiani. Gazeti halikuandika hayo kwa sababu Profesa hakuyasema. Mimi niliyasema, lakini mwandishi alikuwa ameshafunika kalamu yake.

Uvimbe wa titi ukiwahiwa, ukakatwa kabla haujatambaa kwenda kwapani, wengi hupona. Ukiachwa, unatambaa. Hauna chuki na mtu, unafanya kazi yake tu. Kila mwezi anaokaa kuufikiria anaupa nafasi. Dada yake alipasuliwa nini, na mwaka gani? Dawa za usingizi za zamani si za leo. Woga wake nauelewa, lakini takwimu haziko upande wa woga.

Jina la mti sitoi. Unaweza kumsomea barua hii kama ilivyo.

Jambo lingine. Kiambato hiki bado hatujakijaribu kwenye seli nzima, zisizo na ugonjwa, tuone kama zinasalimika. Profesa anasema hilo litasubiri, kwanza makala itoke kwenye jarida. Mimi ningelianza jana.

Maswali wako


28 Machi

Mwanangu Maswali,

Marahaba. Nilimsomea. Akasema, "Huyu mtoto wako anaandika kama hakimu." Nikamwambia ndivyo alivyo.

Ila ile siri ya mti haikuwa siri. Kwenye picha umeshika tawi, majani yanaonekana mpaka mishipa yake. Muuza mizizi wa sokoni aliyatambua siku ileile gazeti lilipotoka. Amekwenda kuikuza picha yako, ameitundika juu ya meza yake, na akiulizwa anasema, "Muulizeni huyo, mimi nauza tu." Mteja wangu alishaanza kunywa kabla barua yako haijafika. Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Ni chungu kama nyongo. Anasema uvimbe umelainika. Mimi nimeushika, sioni tofauti, lakini ni wake, labda yeye ndiye anayejua.

Sasa nikuulize. Wiki hizi chakula kinamkinaisha. Akisikia harufu ya mafuta yanayokaangwa anakimbilia nje. Mwili unamwasha, viganja na nyayo hasa, anajikuna kwa kitana. Mkojo umekuwa rangi ya chai iliyokolea. Na jana alikuwa anajitazama kwenye kile kioo changu kirefu, Fundi Viatu akapita akamwambia, "Mama, mbona macho ya manjano?" Muuza mizizi anasema ule ni uchafu unatoka mwilini. Ni kweli ni uchafu? Na huchukua muda gani kuisha?

Sare nimezipunguza mwezi huu. Nachoka mapema. Umri nao una mambo yake.

Shangazi yako


9 Aprili

Shangazi,

Aache leo. Asimalizie hata kilichobaki kwenye sufuria. Aende hospitali awaambie anakunywa nini na tangu lini, na mzizi wenyewe aubebe wauone. Si uchafu unaotoka. Ni ini linaloharibika. Tangu nilipoipata barua yako nimekuwa nikijaribu namba ya zamani ya Fundi Viatu, haipatikani, kwa hiyo barua hii nimeituma kwa njia ya haraka kuliko zote zilizopo. Ukifika hapa, acha kusoma, umpelekee ujumbe, kisha urudi kumalizia.

Barua yako niliisomea kwenye korido. Nikarudi ndani, nikatoa seli za ini, nzima, tunazo kwenye friji la barafu. Zilipoamka na kuanza kukua nikazidondoshea kiambato kwa kiasi kilekile. Zimekufa mapema kuliko zile za saratani. Nikapunguza kiasi. Zimekufa. Nikamwomba mwenzangu arudie yeye, bila kumwambia kwenye kichupa kuna nini. Akaja kuniuliza, "Umenipa nini hiki, mbona kinafagia?"

Nikaenda kwa Profesa. Alizitazama picha zote kwa utulivu.

"Ini la kwenye chupa si ini la mtu," akasema. "Si wewe ndiye husema hivyo kila siku?"

"Ndiyo mimi. Lakini safari hii na mtu ninaye."

"Mtu gani?"

"Mteja wa shangazi yangu."

"Hiyo si data. Hiyo ni habari ya kijiweni."

Nimeliandikia barua lile jarida waizuie makala, na gazeti nalo nimeliandikia. Jina langu ndilo la kwanza kwenye makala, ninayo haki hiyo. Tangu hapo Profesa ananisalimu kwa nyusi.

Shangazi, uliniita Maswali, basi vumilia moja. Shangazi Mkubwa, dada yako, naye alitolewa chumba cha upasuaji amefunikwa. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka hukutaka kitambaa cha kijani kiingie dukani mwaka ule wote. Mteja huyu ni nani?

Maswali


17 Aprili

Kwa Mtafiti,

Salamu sana. Huyu ni Fundi Viatu, jirani wa shangazi yako. Mara ya mwisho kuandika barua nilikuwa naposa, kwa hiyo nivumilie mwandiko. Barua yako ya haraka nimeipokea mimi kwa sababu duka lake limefungwa. Na nimeifungua. Najua si adabu, lakini juzi yake nilikuwa nimembeba shangazi yako mwenyewe mikononi, nikaona adabu isubiri.

Mteja ni yeye. Nadhani hapo ulipo umeshajua. Mimi nilijua tangu alipoanza kupima watu kwa mkono mmoja na kujishika ubavu kwa mwingine. Nilimwambia akuandikie. Akasema, "Nikimwambia ataacha kazi yake aje kunishika mkono, na kazi yake ndiyo itakayoniponya." Nikanyamaza, na hilo sijisifii.

Alianguka juu ya cherehani, kitambaa kikiwa bado kwenye sindano, mguu umekanyaga, mota inaunguruma. Nilizima umeme kwanza, nikambeba. Hospitali walimuuliza anatumia dawa gani, akasema hatumii dawa yoyote. Mimi ya mzizi nilijua kidogo tu, nilidhani ni wa tumbo. Barua yako ilipofika niliipeleka wodini mbio, pamoja na mizizi iliyobaki kwenye mfuko. Daktari aliisoma amesimama, akasema, "Kumbe ndiye huyu adui tuliyekuwa tunamtafuta." Wakabadilisha kila kitu walichokuwa wanampa.

Anaongea, ila anachanganya. Jana ameniita kaka, akaniambia mtoto wangu ana akili sana ila ana maswali mengi. Nikamjibu ndiyo, ni kweli.

Muuza mizizi nimemwendea. Alisema atafikiria. Leo nimepita, naona picha yako ameipandisha juu zaidi, isichafuke.

Njoo. Namba yangu mpya nimeiandika nyuma ya karatasi.

Fundi Viatu


6 Julai

Mwanangu Maswali,

Marahaba kwa ile shikamoo ya uwanja wa ndege. Sikuisikia, niliiona mdomoni. Tangu uondoke nyumba imekuwa kubwa kuliko nilivyoijenga.

Daktari wa ini ameniruhusu, anasema nisirudi kwake labda nikimkumbuka. Kisu nilikikubali mwishowe kwa kukushika mkono, na kidonda cha pale lilipokuwa titi kimefunga. Nimeukagua mshono kwenye kioo. Aliyeshona ana mkono mwepesi, ila kufika mwisho amevuta uzi, ngozi imejikunja kidogo. Angekuwa mwanafunzi wangu ningemfumulisha. Magauni yangu yote nimeyapunguza upande wa kushoto, nikashona na kimto cha pamba ndani kwa siku za kutoka. Fundi Viatu hajui atazame wapi, basi anatazama viatu vyangu. Keshanibadilishia soli ambazo hazikuwa na shida.

Nilikwenda sokoni. Nilipata nguvu asubuhi moja, nikaenda taratibu mpaka kwa muuza mizizi. Alinitambua.

"Mama, ulizidisha dozi," akasema kabla sijafungua kinywa.

"Dozi nilipimiwa na wewe, kwa kikombe chako hicho hapo."

"Basi mwili wako ulikuwa dhaifu."

"Inawezekana. Nipe kigoda."

Akanipa, alidhani nataka kupumzika. Nikakaa pembeni ya meza yake, na kila aliyekuja kuulizia mzizi wa kwenye picha nilimwambia, "Karibu, huyo pichani ni mwanangu, na mimi ndiye niliyeunywa." Nikawaonyesha macho yangu, yalikuwa bado hayajawa meupe vizuri. Sikupiga kelele, au labda nilipiga, unajua masikio yangu. Mchana haujafika akaitoa picha ukutani mwenyewe. Alinikabidhi. Ile mizizi nyingine anaendelea kuuza, sina ugomvi nayo, siijui.

Sasa nina neno na wewe. Ulipokuwa hapa ulinihudumia, sina la kulalamika. Ulinikanda miguu, ulinilisha, uligombana na manesi kwa niaba yangu. Lakini kila nilipokuuliza hali yangu ulisema, "Utapona Shangazi, usiwaze," kisha unageuka kukunja nguo ambazo zilishakunjwa. Mimi nimekulea. Nakujua ukisema jambo unalolijua na ukisema jambo unalolitamani.

Unajua kwa nini nilijificha nyuma ya mteja? Fundi Viatu alikwambia nilivyomwambia, na ni kweli, lakini nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilitaka jibu lisilo na huruma, na nilijua mimi hutanipa. Nikalipata. Lilinikasirisha, nikalipita nikaendelea kunywa mzizi, huo ni ujinga wangu mwenyewe. Lakini katika maneno yote niliyoambiwa mwaka huu, ni yale tu niliyoyaamini. Niandikie tena vile. Usimwandikie Shangazi. Mwandikie mteja.

Shangazi yako


20 Julai

Kwa mteja wa Shangazi yangu,

Shikamoo.

Uvimbe wako ulipogunduliwa ulikuwa mdogo na haukuwa umefika kwapani. Ulipokatwa ulikuwa umekua, na kwapani ulishafika. Kati ya hapo na hapo kuna muda ulioupoteza kwa mzizi, na muda wa kungoja ini lipate nguvu ya kustahimili upasuaji. Ungekubali kisu mwanzoni ingekuwa vizuri zaidi. Kwa kiasi gani, siwezi kusema, wala sitajifanya najua.

Sasa utapewa dawa za kwenye mshipa, kisha mionzi. Dawa zitakunyonyoa nywele, zitakuharibia ladha ya chakula, na vidole vitakufa ganzi. Katika wanawake waliofika hospitali wakiwa kama wewe na wakamaliza matibabu yote, zaidi ya nusu huishi miaka mingi baadaye. Waliobaki hawaishi. Wewe uko kundi gani sijui, na daktari wako hajui. Akitokea mtu anayesema anajua, simama uondoke mezani kwake.

Nimeuliza majina ya dawa zako. Mojawapo asili yake ni gome la mti. Si mti wangu, ni mwingine, wa nchi za baridi. Nayo ilianza kwenye chupa kama yangu. Ilipita mikononi mwa watu wengi, miaka mingi, mpaka wakajua inaua nini, inabakiza nini, na mtu apewe kiasi gani. Nakutajia ili usiogope dawa kwa sababu imetoka kwenye mti, wala usiiamini kwa sababu hiyohiyo.

Makala imeondolewa. Gazeti limechapisha masahihisho ukurasa wa ndani, chini ya matangazo ya vitu vilivyopotea. Profesa amenihamishia chumba cha chini, kisicho na dirisha, nipime dawa za miti shamba zinavyofanya kwenye ini. Alidhani ananiadhibu. Asubuhi naingia kwa hamu.

Kule wodini hayo yote nilikuwa nayajua. Sikuyasema kwa sababu nilikuogopea, na nikiogopa huwa nakunja nguo. Hilo si la mteja, mpelekee Shangazi.

Maswali


11 Septemba

Mwanangu Maswali,

Marahaba. Mteja ameisoma, ameielewa, anashukuru. Shangazi naye amepata lake, amelia kidogo, amenyamaza. Zaidi ya nusu ni nyingi. Nimewahi kupewa kitambaa kisichotosha nikatoa sare za darasa zima.

Dawa zimeanza na kila ulichosema kimekuja. Nywele zimetoka asubuhi moja, zote, kama wigi. Nilishona kofia laini isiyo na mshono kwa ndani, isinikwaruze. Mama wa kitanda cha jirani akaitaka, na wa pili yake akataka ya maua, na sasa nesi mkuu ananiita "kiwanda". Vidole vimekufa ganzi, mkasi siuhisi. Fundi Viatu ndiye anayenikatia. Anakata pamba kama anakata ngozi ya buti, tunagombana kutwa, lakini kofia zinatoka.

Kuna jambo nataka ulijue kutoka kwangu. Juzi, nikiwa na dripu mkononi, alikuja daktari mmoja msichana, mpole, ana karatasi. Akaniambia ile nyama waliyonitoa hawakuitupa yote, kipande wamekihifadhi. Anaomba ruhusa yangu kitumike kwenye utafiti. Wanataka kuzikuza seli zake na kuzigawa kwa maabara mbalimbali, watu wajaribishie dawa.

"Zitakuwa hai?" nikamuuliza.

"Ndiyo, mama. Zitaishi."

"Zitaumia?"

"Hapana, mama, haziwezi kusikia maumivu."

"Hilo ndilo kosa lao, nilitaka zionje na zenyewe," nikamwambia. "Leta kalamu."

Nimesaini. Anasema jina langu halitaandikwa, zitapewa namba tu, na zinaweza kupelekwa popote, hata huko uliko. Kwa hiyo inaweza kutokea siku moja ukafungua kabati lako ukatoa chupa, na zilizomo zikawa zangu, na usijue. Ndiyo maana nakwambia mapema, nikiwa na akili zangu zote.

Zikikufikia, usizionee huruma. Mimi simo humo. Mimi niko hapa barazani, Fundi Viatu anakata, mimi nashona.

Shangazi yako